Kigugumizi kilinipa maneno

Juzi kikaoni mtu alinimalizia sentensi. Nilikuwa nimekwama kwenye neno "tatizo", ile t imenata nyuma ya meno, naye akadakia: "Taarifa?" Wenzetu wakaitikia kwa vichwa, mazungumzo yakahamia kwenye taarifa ambayo mimi sikuwa nayo akilini kabisa. Baadaye akanifuata, kwa upole, akaniambia: "Pole sana. Siku ukipona utafika mbali."

Nimekaa na hiyo pole siku tatu. Najua alikuwa na nia njema. Lakini yapo ambayo kigugumizi kimenipa, na kubwa kuliko yote ni hiki Kiswahili ninachokiandika hapa.

Mwenye kigugumizi huliona neno gumu kabla hajalifikia, kama dereva anavyoliona shimo. Tangu utotoni nilijifunza kulikwepa. "Tatizo" likigoma, nachukua "shida". "Shida" nayo ikigoma, ipo "taabu", ipo "dhiki", ipo "kero". Ila Kiswahili hakikuruhusu ubadilishe neno moja ukaendelea na safari. Ulikuwa useme "tatizo langu limekwisha". Ukihamia "shida", basi "langu" inageuka "yangu" na "limekwisha" inakuwa "imekwisha". Na kama umeshatamka "hili", umejifunga mwenyewe. "Shida" haikufai tena. Unatafuta neno la ngeli ileile, upesi, huku watu wanakutazama mdomoni, mpaka "jambo" au "suala" likuokoe. Kazi yote hiyo inafanyika katika kimya ambacho wao wanadhani hakina kitu.

Shuleni ngeli ziliwachosha wenzangu. Kwangu zilikuwa mlango wa kutokea. Nilifungua kamusi nikitafuta neno lenye maana ileile linaloanza na sauti nyingine, na kila mara nikagundua kwamba maana haikuwa ileile hata kidogo. Kero inaudhi, dhiki inabana. Anayeweza kusema neno lolote wakati wowote hana sababu ya kukaa na tofauti hiyo. Mimi nilikaa nayo kila siku, kwa sababu nilipochagua vibaya nilieleweka vibaya.

Nakubali, ingawa inaniuma kukubali: wataalamu wa tiba ya usemi wanaonya kwamba kukwepa maneno kunailisha hofu, na ni kweli. Nimewahi kuagiza chakula nisichokitaka kwa sababu nilichokitaka kilianza na k. Halafu kuna jina langu. Jina halina kisawe. Nikiulizwa naitwa nani sina pa kukimbilia, na zaidi ya mara moja simu imekatwa nikiwa bado kwenye herufi ya kwanza. Kwa hiyo siku hizi nakwepa kidogo sana. Nalisubiri neno nililolitaka mpaka litoke. Lakini yale niliyoyaokota miaka yote ya kuzunguka hayajaniacha.

Ninachokikataa ni lile "jiamini tu". Kigugumizi kinahusiana na namna ubongo unavyoendesha usemi, na mara nyingi kinatembea ndani ya ukoo. Watoto wengi wanaoanza nacho huachana nacho wakikua. Mimi nimebaki katika ile asilimia 1 hivi ya watu wazima. Na mimi huyuhuyu nikiimba na wenzangu mbele ya umati sikwami hata silabi moja. Kama ni woga, ulikuwa wapi wakati huo?

Kimenipa pia jicho la kuwajua watu. Dakika moja inatosha: yupo anayetazama saa, yupo anayeinamisha uso kwa aibu ambayo mimi sina, na yupo anayeendelea kunitazama kama kawaida mpaka nimalize. Marafiki zangu wote wametoka katika kundi hilo la mwisho. Mdogo kuliko wote ni mtoto wa dada yangu. Nilikwama katikati ya hadithi, akasubiri, na nilipomaliza neno akauliza, "Halafu, mjomba?" Hakuona cha kunipa pole.

Wiki ijayo tuna kikao kingine, na lile tatizo bado lipo. Nitalitaja kwa jina lake, tatizo, sitahamia "shida". Huenda likachukua sekunde kumi. Naomba mniachie nilimalize mwenyewe.