Pwani ya Kaskazini Haiishii Lamu

Kila msimu wa Maulidi mabasi ya Lamu hujaa hapa Mombasa, na kila msimu nawaona watu wakisafiri vile vile. Wanapanda alfajiri, wanajifunika leso usoni, wanalala mpaka Mokowe, gati la upande wa bara. Wanavuka, wanahudhuria Maulidi, wananunua halua, wanarudi wamelala. Ukiwauliza wameona nini njiani, watakujibu: "Njiani kuna nini? Msitu na vizuizi vya askari."

Njiani kuna mengi, na ukishaipita Lamu kuna mengi zaidi. Inaniuma kwamba sisi wa Mombasa, wengi wetu tukiwa na bibi au babu wa huko, tunaijua Dubai kuliko tunavyoijua Siyu, mji wa kisiwani mbele ya Lamu.

Chukua Gongoni, ukishazipita Malindi na Mambrui. Abiria akiwa macho huona marundo meupe ya chumvi, basi. Hajui kwamba kule upande wa bahari ni Ngomeni, kijiji cha wavuvi, na kwamba majini mbele ya kijiji hicho Waitaliano walisimamisha jukwaa la kurushia roketi. Hapo ndipo iliporushwa, tarehe 12 Desemba 1970, setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahususi kuchunguza eksirei za angani. Kwa kuwa ilikuwa siku ya kuadhimisha uhuru wa Kenya, Wamarekani walioimiliki waliiita Uhuru. Neno letu limeingia kwenye vitabu vya elimu ya nyota, na mtoto wetu anapita pale na leso usoni.

Baada ya hapo nchi inabadilika. Inakuwa tambarare, mikoma inasimama na mashina yake yaliyogawanyika panda, ng'ombe wa Waorma wanavuka barabara bila haraka, na ukingoni mwa mto Tana iko miembe ya Wapokomo. Mimi hushuka Garsen hata kama ni kwa chai tu. Witu nayo, mji ambao leo basi halikai hata dakika kumi, ulikuwa na sultani wake, na Wajerumani waliushika kama himaya yao tangu 1885 hadi 1890.

Upande huo wa Witu kuna njia ya kuteremkia Kipini, na hapo ndipo ninapomwomba mtu alale angalau usiku mmoja. Mto mrefu kuliko yote Kenya unaishia hapo. Maji yake ya rangi ya udongo yanaingia baharini na kwa kitambo hayachanganyiki. Unauona mpaka kabisa, huku kahawia, huku buluu. Wenyeji watakusimulia Fumo Liyongo kama jirani aliyehama juzi. Kisa chake nilikisoma shuleni: mwanawe alimchoma kitovuni kwa sindano ya shaba, naye akaenda kisimani, akapiga goti na uta mkononi, akafa vile vile, na watu kwa hofu wasithubutu kuteka maji. Nilikijibia mtihani, nikapita. Lakini asubuhi moja Kipini niliwaona kina mama wamepanga mitungi ya manjano kisimani, wa kwanza anavuta kamba, wa nyuma anambembeleza mtoto anayelilia maji, na hapo ndipo nilipoelewa maana ya mji mzima kukaa na kiu kwa ajili ya maiti aliyepiga goti.

Sitamficha mtu hatari. Barabara hii imemwaga damu, na mwaka 2014 Mpeketoni iliona msiba wa mauaji ambao familia nyingi hazijautoka. Uliza hali kabla ya kuondoka, safiri mchana, wasikilize askari. Lakini wanaoishi huko wanalima, wanaoza, wanazika, na tukiwaepuka miaka yote kana kwamba wao ndio hatari, tunawaongezea msiba.

Sasa Lamu. Sitaisifu, imeshasifiwa vya kutosha, na tangu 2001 ni urithi wa dunia. Ninachosema ni kwamba usigeukie pale. Tafuta mashua ya kwenda kisiwa cha Pate na ukubali kwamba bahari ndiyo yenye saa. Mkanda, mlango mwembamba kati ya Manda na bara, hupitika vizuri maji yakijaa. Mara yangu ya kwanza nilichelewa kwa sababu ya kahawa, maji yakapwa, tukakaa kwenye tope kati ya mikoko saa nne nzima. Nahodha hakunilaumu, alinikatia nusu ya mkate wake.

Pate mjini watu hulima tumbaku ndani ya magofu, majani mapana baina ya kuta za majumba ya zamani. Kisha Siyu, na ngome yake ukingoni mwa maji. Huu ndio mji uliowarudisha nyuma askari wa Seyyid Said miaka ya 1840. Mtawala wake, Bwana Mataka, ndiye mume wa Mwana Kupona, yule mama aliyemtungia bintiye utenzi wa wasia mwaka 1858. Tunazikariri beti zake arusini Mombasa, na hatujawahi kukanyaga mchanga alioukanyaga.

Bibi yangu mzaa mama alizaliwa Siyu. Jana aliita yana, jiwe aliita iwe, na sisi wajukuu tulimcheka mpaka akaanza kusema kama sisi.

Siyu bado kuna mafundi wa makubadhi. Niliketi kwa mmoja, nikamtazama akitoboa ngozi kwa msharasi, tundu moja moja, akipitisha ukanda mwembamba wa ngozi bila kupima kwa chochote ila jicho. Aliniuliza: "Wewe wa nani?" Nikamtaja bibi, na baba yake bibi. Akauweka msharasi chini, akamwita mjukuu wake anipeleke.

Nyumba imebaki ukuta mmoja. Vidaka viwili bado vimesimama, chokaa yake laini kama ganda la yai, na mwarobaini umeota palipokuwa ukumbi. Nilisogea nivishike. Yule mtoto akanivuta mkono.

"Angalia iwe hilo," aliniambia. "Litakwangukia."