Kijana Akifunga Mlango, Mtu Mzima Asogee au Akae Mbali?

Kijana wa miaka 14 huulizwa siku yake ilikuwaje, akajibu "poa tu" na kujifungia chumbani. Baadaye, mkubwa wake akiosha vyombo, kijana huyo huja akaegemea mlango wa jikoni, akachezea kitasa na kuzungumza mambo yasiyo na kichwa wala miguu, mpaka lile lililomkaa rohoni litoke lenyewe. Mjadala kuhusu nafasi ya watu wazima katika maisha ya vijana mara nyingi huutazama mlango uliofungwa, ukasahau ule wa jikoni.

Wapo wanaoshikilia kwamba kijana aachwe ajifunze kusimama peke yake, na hoja yao haipuuziki. Kifungu cha 5 cha Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 kinataka uongozi wa wazazi na walezi uendane na uwezo wa mtoto unaozidi kukua. Tena nia njema pekee haitoshi. Huko Massachusetts, Marekani, mpango ulioanza mwaka 1939 uliwapa wavulana washauri waliowatembelea kwa miaka kadhaa, lakini mtafiti Joan McCord alipochapisha ufuatiliaji wake mwaka 1978, waliosaidiwa hawakuonekana kuwashinda wenzao ambao hawakusaidiwa, na katika mambo kadhaa hali yao ilikuwa mbaya zaidi. Matokeo hayo yananiumiza kila ninapoyafikiria, kwa kuwa yanamgusa kila mmoja wetu anayedhani kwamba kujali kwake kunatosha.

Hata hivyo, sioni kwamba yanatupa ruhusa ya kujiondoa. Sehemu ya mbele ya ubongo, inayotusaidia kupima matokeo na kuzuia pupa, huendelea kukomaa hadi umri wa takriban miaka 25, ilhali hatari za maisha hazingoji. Katika kisiwa cha Kauai, Hawaii, mtafiti Emmy Werner na wenzake waliwafuatilia watoto waliozaliwa mwaka 1955, na wakaona kwamba karibu theluthi moja ya wale waliokulia katika dhiki kubwa walikuja kuwa watu wazima wenye kujimudu. Wengi wao walikuwa na angalau mtu mzima mmoja aliyewajali kwa dhati, na hakuwa lazima mzazi. Bibi, mwalimu au jirani aliweza kuishika nafasi hiyo.

Tofauti, kwa maoni yangu, iko katika namna ya kuwa karibu. Mwaka 2000, watafiti Håkan Stattin na Margaret Kerr walionyesha, kwa kuwachunguza vijana wa Sweden, kwamba yale ambayo wazazi wanayajua kuhusu watoto wao hutokana zaidi na kile ambacho watoto wenyewe huamua kuwasimulia kuliko upelelezi. Mzazi anayepekua simu usiku huenda akapata jina au picha, ila atakuwa amemfundisha mwanawe kuficha vizuri zaidi. Anayesikiliza habari za kitasa bila kukatiza, hata kama vyombo vimeisha na usingizi umemshika, huyo ndiye ataambiwa siku kijana atakapokuwa ameingia kwenye tatizo asiloweza kulitatua peke yake.