Miezi sita ya kusomea CFA ni saa ngapi?

Kila anayeniuliza kuhusu mtihani wa CFA (Chartered Financial Analyst, cheti cha kimataifa cha wachambuzi wa uwekezaji) ngazi ya kwanza huanza na swali lile lile: je, miezi sita inatosha? Siku hizi nami hulijibu kwa swali: katika miezi hiyo sita, ni saa ngapi zilizo zako kweli, ambazo mwajiri, foleni, mtoto na usingizi havikuzichukua kabla yako? Nauliza hivyo kwa sababu niliwahi kupanga miezi sita kwa unadhifu mkubwa, nikafeli, na nilipokaa chini kutafuta chanzo nilikuta kosa lilianza siku ile nilipochora ratiba.

Mtihani wenyewe una maswali 180 ya kuchagua jibu moja kati ya matatu. Hufanywa kwenye kompyuta kwa vipindi viwili, kila kimoja saa mbili na robo, maana yake ni sekunde 90 kwa kila swali. Taasisi inayoutunga hushauri mtahiniwa ajiandae kwa saa zipatazo 300 kwa kila ngazi. Mimi niliufanya kwa mara ya kwanza Novemba 2024, msimu ambao watahiniwa 43 tu kati ya kila 100 walifaulu.

Ratiba yangu ya kwanza ilikuwa jedwali la Excel lenye rangi, wiki 26, saa 12 kila wiki, nyingi zikiwa jioni baada ya kazi. Nilijua fika kwamba nafanya kazi katika idara ya hazina ya benki, kwamba mwisho wa mwezi hatutoki mapema, na kwamba kutoka Posta hadi Mbagala kwa daladala ya jioni naweza kufika nyumbani saa mbili usiku nikiwa sina hata nguvu ya kuvua viatu. Hayo yote nilikuwa nayajua, lakini hayakuwamo kwenye jedwali. Kila nilipofungua kitabu, hata kwa dakika ishirini za kusinzia, nilipaka kisanduku cha siku hiyo rangi ya kijani, na kufikia Septemba jedwali zima lilikuwa kijani ilhali kichwani mambo hayakuwa yamekaa. Zaidi ya hapo, nilisoma kwa mpangilio wa vitabu. Kwa kuwa mbinu za takwimu ndizo zilizotangulia, nilizipa wiki saba, ingawa somo hilo lina uzito wa asilimia 6 hadi 9 tu, huku maadili, yenye asilimia 15 hadi 20, nikiyaachia wiki ya mwisho. Ukiyageuza maadili kuwa maswali, ni kati ya 27 na 36. Hakuna mtu anayeweza kuyadharau maswali 36 akabaki salama.

Kanuni za mtihani haziruhusu kurudia kabla ya miezi sita, kwa hiyo baada ya matokeo nilijiandikisha kwa Agosti 2025. Safari hii niliacha Excel, nikanunua kaunta buku dukani mtaani, nikapiga mistari miwili kila ukurasa: saa nilizokusudia na saa nilizosoma. Kuanzia wiki ya tatu ya Januari hadi mtihani kulikuwa na wiki 31. Wiki nne niliziweka kando kama akiba, bila kuzipangia chochote, na zile 27 zilizobaki nikazipa saa 11 kila moja, jumla saa 297: saa moja na nusu kila alfajiri ya siku za kazi kabla nyumba haijaamka, na saa tatu na nusu Jumamosi. Jioni sikuipangia kitu.

Ukurasa mmoja ninaukumbuka vizuri, wa katikati ya Machi, ndani ya Ramadhani. Upande wa kushoto umeandikwa 11, wa kulia 6½, na chini yake maneno machache: umeme Jumanne, mtoto ana homa, Alhamisi nimelala baada ya daku. Kisha nikaandika deni, 4½, nikalihamishia ukurasa uliofuata kama mhasibu anavyohamisha salio. Mwaka wa kwanza wiki kama hiyo ingepotea bila mtu kujua. Mwaka wa pili ilionekana, ikalipwa Aprili kwa kutumia wiki moja ya akiba, na ndiyo maana nasema kwa uhakika kwamba ratiba isiyo na nafasi ya ugonjwa wa mtoto haijapangwa na mtu mwenye mtoto.

Saa hizo, hata hivyo, hazikuwa zangu peke yangu kuzigawa. Hapa naona wengi wetu tunakosea, kwa sababu tunajifungia na kalenda, tunapanga, kisha tunawatangazia wa nyumbani. Nilipokuwa najiandaa mara ya pili nilikaa na mume wangu kabla ya kujiandikisha. Aliniuliza jambo moja tu: "Ni Jumamosi ngapi?" Nikamwambia ishirini na saba. Akafikiri kidogo, akasema, "Basi asubuhi za hizo Jumamosi ni zangu na mtoto, tutakuwa kwa bibi yake." Idadi iliyo wazi na yenye mwisho ilimrahisishia kukubali kuliko maneno yangu ya mwaka uliotangulia, "nitakuwa nasoma soma hadi Novemba", ambayo hayana mahali pa kushika.

Liko jambo jingine ambalo ratiba nyingi tunazoazima mtandaoni hazilisemi, kwa kuwa waliozitunga hawakulihitaji. Mtihani huu ni wa Kiingereza, na sisi tuliosoma kwa Kiingereza darasani tuna ustadi wa hatari wa kukariri sentensi nzuri bila kuielewa. Kwa hiyo nililitengea Kiswahili muda. Mwisho wa kila mada nilifunga kitabu nikaieleza kwa sauti, kwa Kiswahili, kama ninayemweleza shangazi mwenye akili lakini asiyewahi kununua hatifungani, yaani hati ya kuikopesha serikali au kampuni kwa riba. Kwa nini bei ya hatifungani hushuka riba ya soko ikipanda? Shangazi, una hatifungani ya serikali inayokulipa riba ileile mara mbili kwa mwaka. Leo serikali inauza nyingine yenye riba kubwa zaidi. Nani atakubali kununua hiyo yako kwa bei ile ile? Itabidi uipunguze. Na kwa nini ile ya miaka 25 hushuka zaidi kuliko ya miaka 2? Kwa sababu mnunuzi atavumilia riba ndogo kwa miaka mingi zaidi, kwa hiyo atataka punguzo kubwa zaidi. Nilipokwama katikati ya maelezo kama hayo nilijua mada haijaingia, hata kama nilikuwa nimepata maswali yake yote. Matokeo ya minada ya hatifungani yanayochapishwa na Benki Kuu yalinisaidia pia, maana nilipiga hesabu ya bei mwenyewe kisha nikailinganisha na iliyotangazwa.

Mazoezi ya maswali nayo yaanze wiki ya kwanza, na kikokotoo kiwe ni kile utakachoingia nacho, kwa kuwa vinavyoruhusiwa ni Texas Instruments BA II Plus na HP 12C, pamoja na matoleo yao ya juu. Jumamosi moja nilikosa maswali manne mfululizo ya malipo ya kila mwaka, nikadhani sielewi. Swali mojawapo lilikuwa jepesi: shilingi milioni 1 kila mwisho wa mwaka kwa miaka mitano, riba asilimia 10, thamani yake leo ni ngapi? Jibu ni 3,790,787. Mimi nilikuwa napata 4,169,865, na kwa bahati mbaya nalo lilikuwemo kati ya yale matatu ya kuchagua. Juu ya kioo cha kikokotoo kulikuwa na herufi tatu ndogo, BGN, yaani mashine ilikuwa bado inahesabu malipo ya mwanzo wa mwaka, kama nilivyoiacha siku iliyotangulia. Watungaji wanajua makosa yetu ya kawaida na huyawekea jibu. Kosa la namna hiyo huliondoi kwa kusoma, ila kwa kubonyeza vitufe hivyo mara mia kadhaa.

Wiki tano za mwisho sikusoma mada mpya hata moja. Nilifanya mitihani ya majaribio asubuhi, vipindi vyote viwili na mapumziko katikati, kwa sababu uchovu wa swali la 150 hauonekani kwa anayefanya maswali 20 kitandani. Maadili niliyasoma mara mbili, Aprili na tena Agosti.

Tangu 2024 kuna pia moduli ya stadi za vitendo ambayo lazima ikamilishwe, la sivyo hutapewa matokeo, na nimeona watu wakiikumbuka dakika za mwisho. Iandikie saa zake mapema, mbali na zile 300. Na kabla ya kulipa ada yoyote, toa pasipoti yako kabatini uitazame tarehe ya mwisho, kwa sababu ndicho kitambulisho watakachokuuliza mlangoni, na ikiwa itaisha muda kabla ya siku ya mtihani, foleni ya Uhamiaji nayo inatakiwa iingie kwenye kaunta buku.