Kilo mbili za unga

Jamani hivi hizi dakika za nyongeza alizileta nani, nataka tu nimjue huyo mtu. Jana Jumapili saa kumi jioni mama watoto kanituma sembe kilo mbili, akasema nenda rudi watoto hawajala, nikasema sawa. Kosa langu kupitia uwanjani, ila hapa kwetu Mbagala ukitaka njia ipite uwanjani inapita tu.

Fainali ya kombe la mbuzi, sisi na wale wa ng'ambo ya bonde. Nikajiambia dakika kumi naondoka. Kumbe mechi haijaanza, mgeni rasmi hajafika, na mbuzi anakuja naye, sasa mtaanzaje? Imeanza saa kumi na moja kasoro robo. Mpira wenyewe butua nikubutue, 90 zimeisha bila bila, nikashika njia na mfuko wangu, mara spika inasema nyongeza, robo saa mara mbili! Mzee mmoja akapendekeza goli la dhahabu, likiingia moja watu wakalale, kama Bierhoff wa Ujerumani alivyowamaliza Wacheki fainali ya Euro 1996 dakika ya 95. Dogo mmoja akadakia, mzee hiyo kitu ilishafutwa 2004. Nani kakuuliza wewe? Watu tuna ugali wa kupika.

Giza hilo, bodaboda wamewasha taa nyuma ya goli. Dakika ya 118 beki wetu kamkumbatia straika wao kama ndugu waliopotezana, refa priiii, penalti. Tatizo pa kupigia hapaonekani, majivu waliyochorea asubuhi yameshaondoka na viatu vya watu. Refa anaangaza huku, anaangaza kule, macho yakatua kwenye mfuko wangu.

"Braza tusaidie kidogo."

Uwanja mzima unakuangalia, utasema nini? Nikafungua. Sasa kidogo chake yeye ni viganja vinne! Badala ya kudondosha nukta akachora na duara kabisa, akarudi kulijazia katikati, utadhani anapamba keki ya send-off. Na penalti ni mita 11 inajulikana, yeye kahesabu hatua tisa na vile vimiguu vyake.

Mpira ukatuliwa juu ya ugali wa wanangu, jamaa akapiga, wavuni. Unga umeruka mpaka kwenye kope za kipa wetu. Nikasema basi nimeumia vya kutosha niende zangu, wapi, mashabiki wetu wenyewe wamenizunguka eti nimehongwa, eti mtu mwenye akili timamu anakujaje uwanjani na unga kama hakujua kuna penalti? Nawaambia nimetumwa na mke wangu, wanasema ndio mtutajie na yeye kapewa shilingi ngapi.

Nyumbani saa mbili kasoro. Mama watoto kaunyanyua mfuko, kaupima kwa mkono, kaniangalia. Nikaeleza yote, mgeni rasmi, nyongeza, refa, hatua tisa, hata Bierhoff nilimtaja kwa kuchanganyikiwa. Akauliza, "Bierhoff ndo kala unga wangu?" Sikuwa na jibu.

Tumekunywa uji. Na upepo wa jana usiku wote ulikuwa unatoka ng'ambo ya bonde, kule wanakochoma mbuzi.