Saa kumi ya meli, saa tisa ya Kariakoo

Anayevuka kwenda Kigamboni kwa pantoni anaijua hali hii: meli kubwa ikiingia kwenye mlango wa bandari, pantoni inasubiri. Watu wanakunja mikono, mwenye kuku anawatuliza kuku wake, mpaka lile jumba la chuma lipite. Msimu wa kaskazi, meli za kitalii ndizo zinazotazamwa zaidi. Watoto huhesabu madirisha, watu wazima huhesabu dola.

Hesabu hiyo ya dola ndiyo iliyoleta ubishi. Meli hizi huzunguka visiwa vya Bahari ya Hindi, kama Morisi, Réunion, Shelisheli, Nosy Be na Unguja, na nyingine hugusa Dar es Salaam au Mombasa kwa siku moja. Abiria anayetaka kushuka ana njia mbili. Anaweza kununua ziara ndani ya meli, basi likamngoja gatini na kumrudisha gatini. Au anaweza kujipangia: anamtafuta mwongozaji kwa simu wiki kadhaa kabla, wanakutana nje ya geti, na siku inabaki mikononi mwao. Wapo wanaosema njia hii ya pili ingefaa kubanwa, kwa sababu mgeni akiibiwa au akiachwa na meli, jina linalochafuka ni la Dar. Nimeisikia hoja hiyo kwa watu wenye maslahi na mabasi. Nimeisikia pia kwa mzee mmoja muuza vinyago ambaye hapati hata senti kwenye mabasi hayo. Kwa hiyo siiti choyo.

Tena wana mfano mkononi. Machi 2024, abiria wanane wa meli ya Norwegian Dawn walishuka São Tomé, kisiwa kilicho magharibi mwa Afrika, kwa ziara ya kujitafutia, wakachelewa kurudi. Walinzi wa pwani wakawapeleka kwa boti hadi karibu na meli, ambayo bado ilikuwa imetia nanga, lakini hawakupandishwa. Wakaifukuza nchi baada ya nchi hadi Gambia. Huko nako meli ikashindwa kuingia Banjul, kwa sababu, kati ya nyingine, maji yalikuwa yamekupwa. Waliipata Dakar, Senegal. Kisa hiki kikitajwa, mazungumzo huishia hapo: umeona? Nunua basi la meli ulale usingizi.

Na ni kweli kwamba basi la meli likikwama kwenye foleni, meli hulisubiri, au kampuni yake hubeba jukumu la kuwafikisha abiria bandari inayofuata. Wewe uliyejipangia hakuna anayekudai wala unayemdai. Si ukatili. Rubani wa bandari ana saa yake, gati lina meli nyingine inayolingojea, na kila dakika iliyopotea hufidiwa baharini kwa mafuta mengi zaidi. Pantoni husubiri meli. Meli haikuumbwa kusubiri bajaji.

Lakini tukitazame kisa cha São Tomé kwa makini. Wale wanane hawakuibiwa wala hawakutapeliwa. Kilichowaponza ni saa. Na saa, ukinisikiliza mimi, ndiyo habari nzima ya safari hizi, ila hatuizungumzi kwa sababu tumezoea kuwazungumza vibaka.

Chukua meli inayotoka Shelisheli au Morisi. Kule saa ziko mbele ya zetu kwa saa moja. Meli nyingine hurudisha saa zake zikifika kwetu, nyingine hubaki na saa yake ile ile safari nzima. Simu ya mgeni ikishika mtandao wa hapa, inajibadilisha yenyewe bila kumuuliza. Ameambiwa awe melini saa kumi jioni. Anatazama simu akiwa katikati ya Kariakoo, anaona saa tisa, anajua ana saa nzima ya kuchagua khanga. Kumbe saa tisa ya Kariakoo ndiyo saa kumi ya meli. Hapo hajaibiwa shilingi, lakini ameshaachwa.

Ongeza na saa yetu wenyewe. Sisi siku yetu inaanza alfajiri, yao inaanza usiku wa manane. Kijana ambaye Kiingereza chake bado kinamea hutafsiri “saa nane” neno kwa neno, na mgeni akasikia saa mbili ya usiku. Nimewahi kumwuliza mwongozaji mmoja pale Posta anawezaje kuyakwepa haya. Akacheka. “Mzee wangu, mgeni simuulizi kwanza anataka kuona nini. Namwambia anionyeshe saa yake.” Kisha huandika muda wa kurudi kwa tarakimu za kwao, juu ya kiganja chake mwenyewe, na kumwonyesha mgeni. Wino huo haufutiki mpaka getini.

Sasa, Dar ina bahati ambayo sijui kwa nini hatuitangazi. Mambo mengi ya kuona yako karibu na bandari kiasi kwamba hata mtu mvivu hawezi kuachwa. Sanamu ya Askari, iliyosimama tangu 1927 na maandishi yake ya Kiswahili, Kiingereza na Kiarabu, ni mwendo wa miguu tu, na singe ya bunduki yake imeelekea bandarini. Yule mwongozaji huwaambia wageni wake: ukipotea, fuata singe. Makumbusho ya Taifa, lilipo fuvu la Zinjanthropus lililopatikana Olduvai mwaka 1959, hayako mbali. Soko la samaki la Feri liko palepale mlangoni mwa bahari. Kariakoo ndiyo inayohitaji tahadhari, si kwa umbali, kwa foleni; akiona barabara imefunga, mwongozaji anayejua mji humpandisha mgeni mwendokasi, abanwe humo kama sisi wote, naye aende kusimulia kwao.

Huyu mgeni mmoja aliyejipangia, mfuate kwa macho. Kapanda bajaji. Kanywa madafu. Kala changu wa kukaanga Feri. Kanunua doti ya khanga, na kofia ambayo hataivaa. Mwisho kamlipa mwongozaji. Hiyo ni mifuko sita, na hakuna hata mmoja uliopitia ofisi ya ng’ambo. Mgeni wa basi naye ametoa dola, pengine nyingi zaidi, lakini amezitolea melini, meli ikakata chake kabla ya kuligawia basi. Atashuka makumbusho, atapelekwa kwenye duka moja la vinyago, atarudi kula chakula cha mchana alichokwisha kukilipia. Mama lishe wa Feri atamwona kupitia kioo.

Sisemi basi halina kazi. Anayetaka kuiona Mikumi kwa siku moja, au kufika Bagamoyo, kilomita kama 70, kisha kurudi kupitia Mwenge jioni, anunue ziara ya meli bila kubishana na mtu. Mwenye magoti mabovu vilevile. Unguja nako kuna hesabu yake. Msitu wa Jozani wenye kima punju ni safari ya kutoka mjini, na meli ikitia nanga nje, saa yako ni ya boti ya mwisho ya kuwarudisha abiria. Fungu la mchanga la Nakupenda humezwa na maji yakijaa. Ratiba iliyochapwa miezi kadhaa kabla haijui bamvua, maji yanapojaa kupita kawaida. Nahodha wa mashua anajua. Ila usimchukue papasi (dalali wa mitaani) wa kwanza anayekushika mkono Forodhani. Mwulize kitambulisho cha Kamisheni ya Utalii.

Kuna hasara moja ambayo watetezi wenzangu wa ziara za kujipangia huifumbia macho, nayo si ya mgeni. Meli inaweza kughairi kutia nanga kwa sababu ya upepo, au kubadili njia kabisa. Aliyenunua ziara melini hurudishiwa fedha zake. Yule mwongozaji wa Posta, aliyekwisha kukodi gari na kukataa kazi nyingine ya siku hiyo, habari anaipata kwa kusimama getini na kutazama bahari tupu. Angeweza kudai malipo ya awali, na wapo wanaodai. Yeye hadai. Anasema mgeni aliyelipa kabla hana cha kumshikia, na mwongozaji aliyelipwa kabla hana haraka ya kurudi. Fedha zake huzipokea getini, mgeni akiwa tayari ametoa kadi ya meli mfukoni, na saa zote mbili zikiwa bado zinaruhusu.