Msiniulize mashine inabeba sentimita ngapi

Kuna kikundi cha vijana hapa Tabora wamenitumia picha za mashine nne za kukereza mbao, zile zinazozungusha mti huku patasi ikiuchonga, na chini yake swali moja tu: "Bro, ipi inabeba duara kubwa?" Yaani ipi inazungusha kazi yenye upana mkubwa zaidi. Wamepata mkopo wa halmashauri, ule wa asilimia kumi ya mapato yake, na wamechoka na miguu ya vitanda. Wanataka kuingia kwenye mabakuli makubwa, yale ya kuwekwa katikati ya meza hotelini. Nia yao naiheshimu sana. Miembe mikavu inakatwa kila leo mji huu na kuishia jikoni, na vipande vya mninga vinavyobaki viwanda vya mbao vinatosha kulisha karakana kumi. Lakini mkopo usio na riba bado ni mkopo. Marejesho hayasubiri mashine itulie.

Nimeyasoma matangazo yote manne. Moja ndilo lililonikera hadi nimeamua kuandika. Juu, kwa herufi kubwa: SENTIMITA 50. Chini kabisa, kwa maandishi ambayo kwenye simu lazima uyavute ndipo uyaone: kasi ya chini mizunguko 600 kwa dakika, uzito kilo 85. Na ukitazama picha vizuri unagundua kwamba hizo sentimita 50 hazipatikani juu ya kitanda cha mashine, yaani reli zake. Zinapatikana ukigeuza kichwa, sehemu yenye shafti inayozungusha gogo, kitazame pembeni, gogo lining'inie nje, bila kichwa cha nyuma kulishikilia. Juu ya kitanda chenyewe mashine ile haizidi sentimita 35.

Wadogo zangu, naomba tukae kwenye hii namba 600, kwa sababu hapo ndipo mtu anapoumia.

Chukua pande la mwembe mbichi, upana sentimita 50, unene sentimita 15. Mbao mbichi ya namna hiyo mita moja ya ujazo inakaribia kilo 900, kwa hiyo pande lako lina kilo 26 na ushee. Umelikata kwa chenso, halijawa duara safi. Upande mmoja una maji zaidi, upande mwingine una fundo. Tuseme kitovu cha uzito wake kimehama sentimita moja tu kutoka kwenye shafti. Moja tu, na kwa gogo la chenso hiyo ni bahati njema. Ukiwasha mashine kwa mizunguko 600, gogo hilo linavuta shafti kwa nguvu inayozidi kidogo uzito wa gunia la kilo 100. Tena halivuti upande mmoja. Linavuta juu, kulia, chini, kushoto, mara kumi kila sekunde. Na mashine yenyewe ina kilo 85! Kila mara gogo linapovuta kwenda juu, mashine haina uzito wa kujibu. Itaruka, itatembea, na egemeo la patasi litatembea nayo huku mkono wako ukiwa hapo hapo.

Sasa punguza kasi ifike 200. Nguvu ile haipungui mara tatu, inapungua mara tisa, kwa kuwa inakwenda kwa mraba wa kasi. Kutoka kilo mia na ushee unabaki na kama kilo 12. Shuka hadi 100, unabaki na kilo tatu. Gogo ni lile lile na fundi ni yule yule. Kilichobadilika ni kwamba mashine imekubali kwenda taratibu mpaka bobari, ile patasi ya kukomba, iondoe nundu zote na gogo liwe duara, ndipo unapandisha.

Wakerezaji wana kanuni yao ya siku nyingi: zidisha upana wa kazi kwa inchi na mizunguko kwa dakika, jibu likae kati ya 6,000 na 9,000. Kwa inchi 20, ambazo ndizo hizo sentimita 50, unapata mizunguko 300 hadi 450, na hiyo ni kwa kazi iliyokwisha kukaa sawa. Kuanza ni chini ya hapo sana. Kwa hiyo mashine inayotangazwa kwa sentimita 50 na kuanzia 600 haiwezi kufanya kwa usalama kazi iliyoandikwa juu ya tangazo lake. Hata kumalizia bakuli haiwezi, achilia mbali kuanza. Aliyeliandika tangazo lile ama hajawahi kufunga gogo kwenye shafti, ama anajua na ameamua kunyamaza.

Nimewahi kuona matokeo yake kwa macho. Karakana moja upande wa Ng'ambo, hapa hapa mjini, pande la mwembe liliachia kwenye mashine ya aina hiyo, likatoboa bati la paa likatokea juu. Fundi alikuwa ameinama kuokota bobari. Kwa mizunguko 600, ukingo wa sentimita 50 unakwenda zaidi ya kilomita 55 kwa saa. Sitaki kuendelea na hesabu hiyo.

Na msidhani ni suala la siku ya kwanza tu. Mbao mbichi inakerezwa mara mbili. Mara ya kwanza unaacha ukuta mnene, kama sehemu ya kumi ya upana, yaani sentimita tano kwa bakuli la hamsini. Unalikausha polepole, na kiangazi cha huku Tabora kinavyonyonya maji lazima ulifiche kwenye vumbi la mbao au magunia lisipasuke. Likikauka limeshapinda, limekuwa yai. Unalirudisha kwenye mashine likiwa halina uwiano tena. Kila bakuli, mara mbili, unaihitaji ile kasi ndogo.

Kuna mwenzangu kaniambia, "Basi wafunge inveta," si ile ya sola bali kifaa cha kubadili kasi ya mota. Sawa, lakini wasiifunge kijinga. Inveta inapunguza kasi ya mota, haiongezi msukumo wake wa kuzungusha. Mota ya kilowati 1.5 yenye mizunguko 1,400 ina msukumo wa nyutoni mita kama 10 tu. Ukiishusha kwa inveta peke yake hadi 300, msukumo unabaki hapo hapo kwenye 10, na nguvu halisi unayopata haifiki hata robo ya ile uliyoilipia. Ukiegemeza bobari kwenye ukingo wa bakuli kubwa, gogo linasimama. Ndiyo maana mashine za maana zina inveta pamoja na puli za ngazi mbili au tatu. Unahamisha mkanda kwenye ngazi ya chini, mota inazunguka kwa raha yake, shafti inakwenda taratibu na ina nguvu. Ukikagua mashine, fungua mlango wa kichwa uhesabu ngazi za puli. Muuzaji akikataa usifungue, ondoka.

Tuje kwenye uzito. Powermatic 3520C, mashine yenye jina la Kimarekani, nayo inabeba inchi 20. Ni sentimita 50 zile zile za kwenye tangazo letu! Ila yake ziko juu ya kitanda, urefu wa kazi kati ya ncha na ncha ni inchi 35, kasi inaanzia chini ya mizunguko 50, na uzito unazidi kilo 300. Weka mashine hizi mbili kwenye jedwali lenye safu moja ya "duara" na zitaonekana pacha. Jedwali la namna hiyo ndilo vijana wangu walikuwa wamelichora, wakamalizia kwa kuchagua ya bei ndogo. Nani angewalaumu?

Oneway 2436 inatengenezwa Stratford, Ontario, huko Kanada, na inakwenda duara la inchi 24 kwa urefu wa inchi 36. Vicmarc VL300 inatoka Queensland, Australia, inabeba milimita 600, na inapatikana ya kitanda kifupi kwa watu wa mabakuli. Kama ningepewa nichague moja kwa kazi ya bakuli tupu ningechukua hiyo, kwa sababu chuma chake cha kalibu, kile cha kumiminwa, kinameza mtikisiko, na kitanda kifupi kinakuruhusu usimame mbele ya kazi bila kuinama juu ya mashine. Robust ya Wisconsin, ile American Beauty, ina reli za chuma kisichoshika kutu, jambo ambalo ndugu zetu wa Kigoma, kando ya ziwa, wangelifurahia kuliko sisi.

Najua nimetaja mashine ambazo bei zake zinakaribia au kupita dola 5,000 kabla ya meli, ushuru, na zaidi ya kilomita 800 kutoka Dar es Salaam hadi hapa. Siwaambii vijana wakazinunue. Nazitaja ili wajue kipimo, wajue kwamba kilo 300 zile hazikuwekwa kwa urembo.

Na nikubali jambo moja, ingawa silipendi. Kuna mashine ya zamani ya Kiingereza, Harrison Graduate, iliyotengenezwa Heckmondwike na kujaa kwenye karakana za shule za Uingereza. Ilikuwa na kasi nne za puli na ya chini kabisa ilianzia 400 na ushee, na watu wamekereza mabakuli makubwa juu yake miaka na miaka. Ni kweli. Lakini ile ni chuma cha kalibu kuanzia kichwa hadi sakafuni, na walioitumia walikuwa wakilisawazisha gogo kwa msumeno na randa kabla ya kulifunga. Hata hivyo, wengi wanaoimiliki leo wameitoa mota ya awali, wakafunga ya fezi tatu na inveta. Wanajua kwa nini.

Kwa hela waliyo nayo vijana wetu, njia ipo. Watafute mashine ya wastani yenye kichwa kizito, beringi kubwa na puli za ngazi tatu, hata kama duara lake ni sentimita 40 tu. Kisha uzito tutautengeneza wenyewe, hapa hapa. Mchanga tunao, kokoto tunazo, saruji inauzwa kila mtaa. Mimina msingi wa zege wenye nondo, acha boliti nne zimeota ndani yake, funga mashine juu. Mita moja ya ujazo ya zege ina kilo 2,400 hivi, kwa hiyo msingi mdogo tu unakupa uzito ambao kiwanda kingekutoza maelfu. Miguu ya mashine ikiwa ya bati lililokunjwa, itupe, ujenge ya kwako. Hapa mafundi wa kuchomelea wa mji huu hawana mpinzani. Nimeona mashine walizounda wao, fremu ya chuma cha reli, shafti iliyochongwa na fundi wa lethi ya chuma, na zinatulia kuliko vitu vinavyoshuka kwenye kontena. Kwa miguu ya vitanda na nguzo za ngazi, mashine hizo za kuunda zinatosha kabisa, na atakayewaambia wazitupe wanunue za dukani anawapotezea hela.

Mengine nitayapitia haraka. Nyuzi za shafti ziwe za kawaida, M33 au inchi moja na robo, ili chaki na sahani za kushikia kazi upate bila kuchongesha. Egemeo la patasi likibonyezwa kwa nguvu zako zote lisicheze hata kidogo. Kufuli ya shafti iwepo. Umeme: mota iliyoandikwa hezi 60 bila inveta, hapa kwetu kwenye hezi 50 itazunguka pungufu kwa karibu asilimia 17. Umeme ukishuka jioni inveta inakata yenyewe, kwa hiyo kazi ya gogo kubwa ipangeni asubuhi. Mkereze mninga mkiwa na barakoa, vumbi lake linachoma pua na kubana kifua.

Mashine ikiwa sokoni na unaweza kuigusa, fanya hivi: weka glasi ya maji juu ya kichwa, washa ikiwa tupu, pandisha kasi yote, tazama kama uso wa maji unatetemeka. Kisha zima, shika ncha ya shafti kwa mikono miwili, sukuma na uvute. Ukisikia hata mchezo wa unywele, beringi imekwisha au haikukaa vizuri tangu kiwandani.

Nimewajibu vijana kwamba katika zile nne nisingenunua hata moja, na nimewaomba wasitoe hela mpaka tukae pamoja karakana kwangu Isevya. Ila ombi langu kubwa ni kwenu wauzaji, wa hapa na wa Kariakoo, na najua baadhi yenu mnanisoma. Karibu na ile namba ya duara, kwa herufi za ukubwa ule ule, andikeni kasi ya chini kabisa na uzito wa mashine. Na kama duara hilo linapatikana kwa kugeuza kichwa nje ya kitanda, liandikeni hilo nalo. Mkiyaweka wazi hayo nitawatumia wateja mimi mwenyewe.