Chuo au Karakana: Nani Anaukagua Mshono wa Fundi wa Kuchomelea?

Nyumba nyingi za Dodoma zina mnara wa chuma uani na tanki la maji juu yake, kwa sababu katika mitaa mingi maji ya bomba huja kwa zamu. Tanki la lita 5,000 likijaa lina tani 5 za maji, na uzito huo wote huishia kwenye viungo vichache vilivyochomelewa na fundi ambaye mwenye nyumba huenda hamkumbuki hata kwa sura. Mnara wa nyumbani kwetu ulikuwa na tanki la lita 2,000, na katika mwaka wake wa tatu ulianza kuinamia upande wa jikoni. Fundi kijana aliyekuja kuurekebisha alipitisha grenda kwenye kiungo kimoja, akaondoa tabaka la juu, kisha akaniita nitazame. Chini ya mshono ulionyooka na kupakwa rangi vizuri, vyuma viwili vilikuwa bado vimeachana, na mstari mweusi ulipita katikati yake. Chuma kilichoyeyuka kilikuwa kimelala juu tu, hakikupenya.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikilitazama kwa makini zaidi swali ambalo wazazi wengi huuliza mtoto anapomaliza kidato cha nne: anayetaka ufundi wa kuchomelea na kuunda vyuma apelekwe chuo, au akabidhiwe kwa fundi mwenye karakana akajifunzie kazini? Swali hili lina uzito wa pekee hapa kwetu. Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia Dodoma, na mji ukapandishwa hadhi kuwa jiji mwaka 2018, ujenzi haujapumzika, kuanzia Mji wa Serikali wa Mtumba hadi viwanja vya Nala na Nkuhungu. Kila nyumba inahitaji mageti, grili za madirisha, ngazi na mnara wa tanki, na vijana wengi wamepata riziki yao humo.

Wanaotetea karakana wana hoja nzito, na si haki kuzipuuza kwa sababu tu fundi hana cheti cha kutundika ukutani. Kijana anayeingia karakana akiwa na miaka 17 anaanza kwa kushika chuma na kusukuma grenda, na baada ya miezi michache anachomelea kazi ambayo mteja ataichukua jioni hiyo hiyo. Anajifunza kukadiria. Mabomba na vyuma vya pembe huuzwa kwa urefu wa takriban mita 6, na faida ya geti moja hutegemea jinsi vipande vinavyopangwa kabla ya kukatwa. Anayekata ovyo hubaki na vipande visivyofaa kwa kazi yoyote, na hasara hiyo inatoka mfukoni mwake. Anajifunza pia kuzungumza na mteja anayetaka kupunguza bei, kudai malipo ya awali, na kujua duka lipi linauza bomba lenye unene wa kweli. Zaidi ya hayo, familia isiyo na akiba haimwezi kijana asiyeingiza chochote kwa mwaka mzima au miwili, hata kama ada ya chuo cha Serikali si kubwa, kwa sababu gharama inayoumiza zaidi ni ule muda anaokaa bila kipato.

Hata hivyo, karakana ina tatizo moja ambalo halitokani na uvivu wala ujinga wa mafundi, bali na aina ya kazi inayowalisha. Mageti na grili hutengenezwa kwa mabomba membamba, mengi yakiwa na ukuta wa milimita 1.2 au 1.5. Ukiongeza moto kidogo kwenye bomba la namna hiyo, linatoboka. Kwa hiyo mkono wa fundi hujifunza kuogopa kutoboa: anapunguza moto, anadonoa mara moja, anainua kijiti cha kuchomelea, anasubiri chuma kipoe, anadonoa tena. Kwa geti, ustadi huo ni sahihi na unahitaji utulivu mkubwa. Ubaya unakuja pale mkono ule ule, wenye hofu ile ile, unapokabidhiwa chuma cha pembe chenye unene wa milimita 6 kwa ajili ya mnara wa tanki. Hapo moto unapaswa kuongezwa, kingo zichongwe pale inapohitajika, na kijiti kiende taratibu hadi vyuma vyote viwili viyeyuke na kuwa kimoja. Fundi asiyeambiwa hivyo ataendelea kudonoa, kisha atasawazisha kwa grenda na kupaka rangi, na mteja atalipa akiwa ameridhika. Geti lililounganishwa vibaya hulia kelele na kulegea bawaba, kwa hiyo kosa hujitangaza mapema. Mnara hunyamaza kwa miaka.

Hapa ndipo chuo kinapopata nguvu yake. Katika vyuo vya VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, na katika vyuo vya mashirika ya dini kama Don Bosco hapa Dodoma, mwanafunzi hufundishwa kinachotokea ndani ya mshono: kwa nini gamba, yaani uchafu unaoachwa na kijiti, linanaswa katikati, kwa nini mshono unakuwa na vitundu kama mkate, kwa nini kijiti cha aina ya 7018 ni lazima kikae pakavu ilhali cha 6013 huvumilia zaidi. Anajifunza kusoma mchoro, jambo ambalo mafundi wengi hodari wa mitaani hawakuwahi kupata nafasi ya kujifunza, na ambalo huwafungia mlango wa kandarasi kubwa. Anajifunza kuchomelea kiungo kilichosimama wima, kiungo kilicho juu ya kichwa chake, na bomba lisilozungushwa.

Pia anafundishwa kuulinda mwili wake, na katika hili sioni jinsi ya kuitetea karakana ilivyo sasa. Nimeona vijana wakichomelea kwa miwani ya jua ya kawaida, kisha usiku wakalala na macho yanayowasha kama yametiwa mchanga, wakiweka vipande vya viazi juu ya kope. Mabomba yaliyopakwa zinki yakichomwa hutoa moshi unaoweza kumletea mtu homa na baridi jioni hiyo. Mwaka 2017 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliuweka moshi wa kuchomelea katika kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Kijana wa miaka 17 anastahili kuambiwa hayo siku ya kwanza, na anayemwajiri anastahili kubanwa ampe barakoa.

Lakini chuo nacho kina upungufu wake, na wanaokisifu huupita haraka. Kuchomelea ni kazi ya mkono, na mkono haujengwi kwa kusikiliza. Vijiti na vyuma vya mazoezi vinagharimu fedha, na pale mashine moja inapogawanywa kwa wanafunzi wengi, mhitimu anaweza kumaliza mwaka akiwa amechomelea saa chache kuliko mwenzake wa karakana alivyochomelea katika miezi 2. Anajua kueleza mshono mzuri ulivyo, lakini mkono wake unatetemeka. Akipewa bomba la milimita 1.2 analitoboa, na mwenye karakana anamcheka na kusema chuo hakina maana. Maneno hayo yanaumiza, na yamewakatisha tamaa vijana ambao walihitaji miezi michache tu ya kuzoea.

Ajabu ni kwamba waajiri wakubwa hawaamini upande wowote kati ya hizo mbili. Bomba la mafuta ghafi linalotoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, lina urefu wa kilomita 1,443 na linapita katika mikoa ya Singida na Dodoma. Katika kazi za mabomba ya namna hiyo, mchomeleaji haingii kazini kwa kuonyesha cheti wala kwa kutaja miaka aliyofanya kazi. Anapewa vipande, anachomelea mbele ya msimamizi, na mshono wake unakatwa, unapindwa au unapigwa picha ya mionzi. Usipofaa, anarudi nyumbani, hata akiwa na vyeti 3.

Kwa maoni yangu, kijana mwenye uwezo wa kwenda chuo aende, lakini kila likizo aitumie karakana, tena ile inayofanya kazi nzito na si mageti peke yake: wanaounda matela, mashine za kukamua alizeti, mapaa ya maghala ya Kibaigwa. Hata hivyo, walio wengi tayari wako karakana na hawatarudi kukaa darasani. Kwa hao upo utaratibu wa VETA wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, ambapo fundi hupimwa na kupewa cheti kwa kile anachokiweza. Ni utaratibu mzuri, na ningependa kwa upande wa uchomeleaji usikubali kamwe mshono unaotazamwa kwa nje tu. Mshono uvunjwe. Na karakana haina sababu ya kusubiri mtu yeyote ili ifanye hivyo: vipande viwili vya chuma kilichobaki, vikichomelewa kwa pembe mraba upande mmoja tu, vikabanwa kwenye jiliwa na kupigwa nyundo kuelekea upande wenye mshono, vitaonyesha ndani ya dakika 5 kama chuma kilipenya.

Fundi aliyenirekebishia mnara hakuwahi kusoma chuo. Ana miaka saba karakana, eneo la Kizota, na kiungo alichokifumua nyumbani kwetu kilimfanya arudi na kujaribu mshono wake mwenyewe. Nilipompitia wiki mbili baadaye, vipande vilikuwa vimepangwa juu ya meza yake, kila kimoja kikiwa kimeandikwa kwa chaki kiwango cha moto alichotumia. Vinne vya kwanza vilikuwa na mstari mweusi katikati. Cha tano kilikataa kuachana mshononi. Chuma chenyewe ndicho kilichopinda.